Patanani, Nchi ya Kutendana

Nchi ya Patanani haiko mbali, ila wengi huipita bila kushuka. Mimi nilishuka. Namna nilivyofika haina faida kwa msomaji. Nilifika, nikiwa na mkoba mmoja na magoti yanayolalamika. Sababu ya safari nitaisema. Wanangu walipokuja kunisalimu walikuwa wameanza kutazama paa la nyumba kabla ya kunitazama mimi. Mama mtu mzima akiona hivyo anaelewa. Nikasikia kwamba Patanani wana sheria nzuri za wosia na mirathi, tena katika mahakama zao hajawahi kushindwa mtu hata mmoja. Nikasema hilo nikalione kwa macho.

Watu wa kule wanasema Kiswahili kama sisi, tena kizuri, isipokuwa serikali yao imepiga marufuku mtu kutenda jambo peke yake. Waliokaa shule hata kidogo wataikumbuka kauli ya kutendana: piga inakuwa pigana, penda inakuwa pendana. Patanani, kwa jambo lolote la ofisini, hiyo ndiyo kauli pekee inayokubalika. Ukiibiwa kuku, inaandikwa kwamba wewe na mwizi mmeibiana. Nilimuuliza askari mmoja wa pale, je, mwizi yeye kaibiwa nini? Akanijibu kwa adabu, baada ya kuniamkia vizuri, kuwa mwizi kaibiwa usingizi, maana kuku hawaibwi mtu akiwa amelala.

Wenyewe wanaeleza kuwa hapo zamani nchi ilijaa ugomvi, na wakubwa wa sheria wakaona ugomvi unatokana na watu kuulizana nani alianza. Wakamwondoa aliyeanza. Toka siku hiyo hakimu akimaliza kesi husema neno moja tu, "Pataneni," na wote husimama wakapeana mikono, mwenye ngumi na mwenye jicho lililovimba. Hapo ndipo inapotoka ile sifa ya kutoshindwa mtu.

Nilipanga chumba katika nyumba ya wageni karibu na soko, na kwa kuwa nyumba ilijaa, nikachanganywa na mjane mmoja wa makamo aitwaye Sikudhani. Sura yake ya upole, ulimi wake siyo. Shingoni alining'iniza karatasi iliyofungwa ndani ya nailoni, na alipolala aliigeuzia mgongoni isimkune. Nilivumilia nusu siku bila kuuliza, jambo ambalo kwangu ni kubwa.

"Hii, bibi, ni amri ya zuio," akanijibu. "Mimi na shemeji yangu tumezuiana."

Habari yake ilikuwa hivi. Mumewe, Mzee Tindwa, alifariki akamwachia nyumba ya bati na mipera mitatu uani. Kabla matanga hayajaondolewa, mdogo wa marehemu aitwaye Hamduni, mwenye duka la misumari na saruji na kundi la mbuzi, akaja na fimbo yake na kutangaza kuwa sheria ya Patanani inasema ndugu warithiane. Kwa hiyo amekuja kurithi nyumba na vyote vilivyomo ndani. Sikudhani alikuwa ndani. Akaonyeshwa alipo kwenye hesabu ya vitu, kati ya kabati la vyombo na jiko la mkaa.

Akakataa. Hamduni akawa anakuja kila alfajiri kugonga mlango kwa fimbo. Kisha akavunja dirisha, akaahidi kwamba kitakachofuata kuvunjika si kioo. Sikudhani akakimbilia mahakamani, na mahakama, ambayo haina moyo mbaya hata kidogo, ikamhurumia ikampa zuio. Nikaomba niisome ile karatasi. Iliandikwa kwa hati nzuri: *Sikudhani na Hamduni wasikaribiane.*

Umbali wa kutokaribiana, kule, hupimwa kwa kitunguu. Mpimaji wa mahakama huja na jiko na kikaango, akakaanga kitunguu pale walipogombania, na kila mmoja hurudi nyuma mpaka asikie harufu imekwisha; hapo alipoishia ndipo mpaka wake. Siku ya kupimwa Hamduni alikuwa na mafua. Alirudi nyuma hatua mbili kutoka kwenye kikaango akasema hasikii kitu, wakamchorea mstari hapo hapo, barazani kwa mjane. Sikudhani, mwenye pua ya mpishi, alirudi nyuma mpaka akajikuta sokoni.

"Nilirudi siku moja tu kuchukua kanga zangu," akasema. "Wakanikamata jikoni kwangu. Yeye yuko barazani kaniwekea miguu juu ya kinu changu, wakasema tumekaribiana. Tukapelekwa mbele ya hakimu, tukaambiwa pataneni, tukapeana mikono."

Nikamuuliza inakuwaje watu waliokatazwa kusogeleana waamriwe kushikana mikono. Akaniambia na yeye aliuliza, akajibiwa kuwa sasa wanaulizana maswali.

Kesi ya nyumba yenyewe ilikuwa isikilizwe Alhamisi ile. Ikisemwa kuwa ndugu wamerithiana, nyumba ni ya Hamduni, na mjane ni wa nyumba. Hilo ndilo lililomkosesha chakula.

Nikamuuliza kama marehemu hakuacha wosia. Aliacha, tena safi, na kila mtu aliusikia: *kila kilicho changu ni cha mke wangu.* Ila hapo nikajifunza mila nyingine ya Patanani. Mtu akiandika wosia, majirani humjia siku hiyo hiyo na mikeka na sukari kumlilia, kwa kuwa wanaona tayari kaaga. Mzee Tindwa alililiwa mchana kutwa huku yeye mwenyewe akigawa chai. Akala pilau ya matanga yake, akaongezwa. Kisha akaishi miaka mingi na afya yake, na baadhi ya majirani wakawa hawamsalimii, wakisema kawadhulumu machozi. Kwa sababu hiyo watu wengi kule hufa bila wosia, na waliobaki huanza kugombana kabla maji ya kuoshea maiti hayajapoa. Nikafikiria wanangu wale na paa langu.

Basi wosia ulikubaliwa. Shida ni kwamba Patanani sheria ya ndugu hutangulia. Kwanza ndugu warithiane. Wakishamaliza kurithiana, kitakachobaki kwa marehemu ndicho wosia unachokigusa. Na baada ya Hamduni kupita hapo, kingebaki nini zaidi ya miwani?

Jumatano nilimsindikiza kwenye ofisi ya msaada wa sheria, ambayo kule inaitwa Ofisi ya Kusaidiana. Wakili wake ni mmoja, Bwana Ngwali, mwembamba, mwenye suruali iliyochakaa sana sehemu za makalio. Nilidhani ni umaskini. Kumbe ni kazi. Kwa kuwa watu hawashtaki bali wanashtakiana, mahakama huwapa wote wawili wakili mmoja, na wakili huyo huwa na viti viwili. Akikaa kiti cha kushoto anamtetea huyu, akihamia cha kulia anamtetea yule, na kwa uaminifu wote hujibishana mwenyewe mpaka jua litue. Asubuhi ile Hamduni alikuwa ametoka hapo kupewa ushauri, na kiti cha mteja kilikuwa bado cha moto.

Tena pale ushauri hautolewi, watu wanashauriana. Maana yake ni kwamba kabla wakili hajakwambia neno, na wewe umshauri yeye jambo lake. Bwana Ngwali akatusimulia habari za mama mkwe wake aliyekuja kwa wiki moja na sasa amepanda mihogo. Sikudhani akamsikiliza kwa subira kubwa kuliko yangu. Akamwambia kwa mama mkwe hana la kumsaidia, mihogo ikishapandwa imepandwa, ila ana ushauri mwingine.

"Nimekuona mahakamani, Bwana Ngwali. Ukisemea kiti cha kwanza unasema umetulia. Ukihamia cha pili unafika unahema, unasema ukiwa bado hewani. Mimi siku zote niko cha pili. Kesho ukifika kwangu, kaa kwanza. Pumua. Ndipo useme."

Wakili akatafakari, akakiri kuwa kwa miaka yote ya kazi hajawahi kukaa kwenye kiti cha pili, anakigusa tu. Zamu yake ya kushauri ilipofika akatuambia kwamba kwa sheria ilivyo, haoni mlango. Akasema hivyo kwa huzuni ya kweli, kisha akatugawia mihogo miwili.

Alhamisi mahakama ilijaa. Hakimu alikuwa Mheshimiwa Mwinchande, mtu mnene mwenye sauti laini, na kando yake wazee wa baraza wawili ambao kazi yao ni kutikisa kichwa kwa pamoja. Sikudhani alikalishwa nje ya dirisha, kwa ajili ya kitunguu, akawa anasikiliza kutokea uani. Hamduni alikaa mbele na fimbo yake, bado ana mafua, nikaanza kushuku kuwa anayatunza.

Karani alipotangaza kuwa shauri la leo ni la Marehemu Tindwa na Hamduni kurithiana, na akaita jina la marehemu mara tatu mlangoni, kisha akaandika "ameitwa, amechelewa", nilicheka. Mahakama ikasimama. Nikadhani natozwa faini. Badala yake hakimu akasema kwa upole kuwa haiwezekani bibi amcheke karani peke yake, na karani akaamriwa anicheke na mimi ili tuwe tumechekana. Maskini akajitahidi. Alitoa "ha" mbili kama mtu anayepiga chafya, na kesi ikaendelea.

Bwana Ngwali akakaa kiti cha kushoto kwa niaba ya Hamduni. Alisema vizuri, siwezi kumsingizia. Akasema sheria ni kongwe na ni ya upendo. Ndugu warithiane, haikusema ndugu na mashemeji. Tindwa na Hamduni ni tumbo moja. Kilicho cha mmoja huwa cha mwenzake, na vilivyomo ndani hufuata nyumba, kama kawaida. Wazee wa baraza wakatikisa kichwa. Hamduni akapenga kamasi kwa ushindi.

Kisha wakili akainuka, akaenda kiti cha kulia, akakaa.

Alikaa kweli. Akaegemea. Akapumua, akafuta uso, akatazama dari, akatazama dirishani kilipoonekana kilemba cha Sikudhani. Watu wakaanza kukohoa. Hakimu akamuuliza kama ni mgonjwa. Akasema hapana, Mheshimiwa, nimekaa tu, na kutoka hapa chumba kinaonekana tofauti.

"Mheshimiwa," akasema, "dakika chache zilizopita, kwenye kiti kile, kuna mtu kasema ndugu warithiane. Namuunga mkono. Ila sheria haikusema Hamduni amrithi Tindwa. Imesema *warithiane*. Hamduni akichukua vya Tindwa, basi na Tindwa achukue vya Hamduni. Duka, saruji, mbuzi, nyumba."

Hamduni akacheka akasema marehemu atavifanyia nini.

"Vikishakuwa vya marehemu," wakili akaendelea taratibu, bado ameegemea, "wosia unavikuta. Kila kilicho changu ni cha mke wangu. Basi Bwana Hamduni apewe nyumba ya bati na mipera, na Bi Sikudhani apewe duka, na mbuzi, na nyumba ya Hamduni na vyote vilivyomo ndani."

Kisha kutoka uani ikaja sauti ya Sikudhani, si kubwa, akiuliza kama Hamduni huwa analala ndani ya nyumba yake au nje.

Mmoja wa wazee wa baraza akajibu bila kuombwa kwamba analala ndani.

"Basi na yeye yumo," akasema Sikudhani. "Aandikwe kati ya kabati na jiko. Nina mtungi mkubwa unahitaji mchotaji."

Hapo hata karani alicheka, safari hii bila amri. Hamduni akasimama, akakaa, akasimama tena. Akaomba wakili ahamie upande wake. Bwana Ngwali akasema atakuja, apumzike kidogo kwanza. Hakimu Mwinchande akafungua kitabu cha sheria, akakisoma, akakigeuza kama vile nyuma yake kuna maneno mengine. Neno lilikuwa hilo hilo, na lilikuwa na *ane* yake mwishoni kama kitasa.

Ndipo Hamduni akaiambia mahakama kwamba kwa kweli yeye na marehemu hawakuwa ndugu kiasi hicho. Walikuwa wanajuana. Akasema haitaki nyumba, haijawahi kuitaka, bati lenyewe linavuja, na shemeji yake anamheshimu sana akiwa mbali.

Hakimu akavuta pumzi ya raha, kwa kuwa kesi imerudi mahali anapopajua. Akaanza kusema, "Basi pata—"

"Sijamaliza, Mheshimiwa," akasema Sikudhani kutoka dirishani. Aliuingiza mkono wenye ile karatasi ya nailoni. "Kukataa nako hapa ni kwa wawili: yeye akikataa nyumba, lazima na mimi nikubali kuacha duka lake, na naweza nisikubali. Nitaliacha. Mbuzi wake abaki nao. Naye abaki na nafsi yake. Badala yake naomba kitenzi kimoja."

Akaulizwa kitenzi gani.

"Hapa imeandikwa *wasikaribiane*. Mimi sijawahi kumkaribia mtu huyu. Nilikuwa kwangu. Naomba iandikwe *asimkaribie*."

Nimeona mahakama nyingi za watu, lakini sijaona neno moja likifanyiwa mjadala namna ile. Karani akasema hajui linaandikwaje, kalamu yake imezoea njia nyingine. Mzee wa baraza wa kwanza akasema ni ukatili kumweka mtu peke yake ndani ya sentensi. Atazungumza na nani humo? Wa pili akauliza kwa wasiwasi, tukianza kuandika hivi leo, kesho si tutaandika *alimpiga*? Na kesho kutwa *aliiba*? Mwanamke mmoja aliyekuwa kwenye benchi la nyuma, mwenye jicho lililovimba, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kwani ingekuwaje?" Nilimwona hakimu akimtazama.

Mwisho Mheshimiwa Mwinchande akamgeukia Hamduni. Katika nchi ile hakimu husema *ninyi* hata mbele ya mtu mmoja. Akajaribu mara mbili, midomo ikamgomea. Mara ya tatu ikatoka.

"Wewe," akasema. "Chagua. Urithiane, au neno likatwe."

Hamduni akafikiria duka lake, mbuzi wake, na ule mtungi.

"Likatwe," akasema.

Likakatwa. Karani aliandika akitoa ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza, na Bwana Ngwali, kutoka kiti cha kulia, akamsaidia mahali pa kuiweka ile *m*. Hakimu hakusema pataneni. Alisema tu, "Nendeni," akajirekebisha, "Nenda," akamwonyesha Hamduni mlango.

Adhuhuri ile tulikwenda kwa Sikudhani. Dirisha lilikuwa bado limevunjika, kinu kimejaa vipisi vya sigara. Tukafagia, mimi zaidi kwa mdomo. Akavua ile karatasi shingoni akaitundika msumarini nje ya mlango, akasugua shingo yake kwa mkono, akatia maji ya chai jikoni. Hatujanywa hata kikombe tukasikia fimbo.

Hamduni alikuwa kwenye mipera, na mguu mmoja tayari barazani. Kumbe likatwe lile lilikuwa la mahakamani. Akasema amekuja kuona kama neno lina meno. Sikudhani hakukimbia. Alibaki pale pale jikoni, mkono kwenye birika. Mimi nikatoka nikamwita askari aliyekuwa njiani, mwenye kitambi, akaja bila haraka huku akitoa kijitabu na kuuliza, kama walivyofundishwa, "Haya, mmefanyana nini?"

Nikamwonyesha msumari. Akasoma, midomo ikienda. Akarudia. Akakuna kichwa, akamshika Hamduni mkono.

"Na yeye je?" Hamduni akalalamika. "Siku zote tunakwenda wawili."

Askari akairudia karatasi, akafuata herufi kwa kidole, akaikuta aliyokuwa anaitafuta.

"Yeye ni hii *m* hapa katikati," akasema. "Na *m* iko nyumbani kwake."